Slecht: neno la Kiholanzi lililoanza kwa maana ya "laini"

Ilikuwa kwenye duka la mitumba hapa Nijmegen, Uholanzi, upande wa viatu, nikaona buti za ngozi nzuri kabisa zimebandikwa kikaratasi kimeandikwa kwa mkono "slechts 7 euro". Wakati huo Kiholanzi changu kilikuwa cha miezi minne na neno slecht nilishalijua, mana ni kati ya maneno ya mwanzo mwanzo unayofundishwa darasani, maana yake ni "baya". Slecht weer ni hali ya hewa mbaya, slecht geslapen ni nimelala vibaya, na huku Uholanzi mwezi wa Novemba hizo sentensi mbili unazisikia kila siku. Sasa nikawa najiuliza mtu anaandikaje "baya" kwenye kiatu anachotaka kukiuza. Dada wa kaunta akanieleza kwa upole kuwa slechts ni "tu", yaani euro 7 tu, na akaongeza kuwa halina uhusiano na lile la ubaya. Buti nikanunua, ila hilo jibu la mwisho halikuniingia, mana maneno yanafanana hivyo, tofauti ni s moja tu ya mwishoni, haiwezi kuwa bahati.

Na kweli siyo bahati. Slecht na slechts ni tumbo moja kabisa, na ukifuatilia hiyo familia unakuta ndugu zake wametapakaa kuanzia Iceland mpaka Cape Town, wengine wana maana nzuri, wengine mbaya, wengine hata hawajui kama wana undugu. Mwanzo wa neno lenyewe haukuwa na ubaya wowote. Slecht lilikuwa na maana ya laini, tambarare, lililosawazishwa, kitu ambacho ukipitisha mkono juu yake haukwami popote. Ubao uliopigwa randa ulikuwa slecht. Njia isiyo na mawe ilikuwa slecht. (Kutamka, hiyo ch itoe kooni kama kh ya "kheri" wanavyoitamka wazee wa pwani, sleKHt, alafu t iwe kavu.)

Tunajuaje? Hapa niende taratibu kidogo kwa sababu ndo penye utamu. Sisi tunaotumia Kiswahili tunaielewa hii hesabu bila hata kusomea. Chukua neno mtu: Kiganda ni omuntu, Kizulu na Kinyarwanda ni umuntu, Kikuyu ni mũndũ. Hakuna mtu alorekodi mababu wa hizi lugha wakiongea, ila ukiyapanga pamoja unaona kabisa palikuwa na neno moja la kale, na unaona pia kuwa kila lugha imeligeuza kwa utaratibu wake, pale Kiganda penye nt Kikuyu kinaweka nd na Kiswahili kimebaki na t, na siyo kwenye neno hili moja tu. Lugha za Kijerumani nazo (familia nzima, yaani Kiholanzi, Kiingereza, Kijerumani chenyewe, Kiswidi na wenzao) ziko hivohivo. Usiku ni nacht kwa Mholanzi, night kwa Mwingereza, natt kwa Mswidi. Sahihi au moja kwa moja ni recht, right, rätt. Kitu chepesi ni licht, light, lätt. Umeuona mpangilio? Kile kisauti cha kabla ya t Mholanzi anakikwaruza kooni, Mwingereza anakiandika gh alafu hakitamki kabisa, Mswidi amekimeza na kukaza t mbili. Sasa weka slecht kwenye huo mstari, Mwingereza atakuwa na slight, Mswidi atakuwa na slätt. Na ndivyo ilivyo, maneno yote mawili yapo mpaka leo. Babu yao wa pamoja wataalamu wanamwandika *slihtaz, hiyo nyota ya mbele ina maana kwamba limejengwa upya kwa kulinganisha, hakuna lilipoandikwa. Nyuma zaidi ya hapo analinganishwa na maneno ya utelezi na kupaka, kina slijk ambalo ni tope kwa Kiholanzi, ila huko mbali tusiende.

Lilipoandikwa kwa mara ya kwanza ni pazuri sana. Karne ya 4 kulikuwa na askofu anaitwa Wulfila, aliyeitafsiri Biblia kwenda Kigothi, lugha ya Kijerumani ya upande wa mashariki ambayo imeshakufa. Nakala maarufu ya tafsiri hiyo iko Uppsala, Sweden, imeandikwa kwa wino wa fedha na dhahabu kwenye ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau. Nenda Luka 3:5, ule mstari wa kutengeneza njia ya Bwana, ambao kwenye Biblia yetu ya Kiswahili mwisho wake unasema "palipoparuza patalainishwa". Mgothi hapo anasema njia zitakuwa slaihtaim. Hilo ndo slecht letu, likiwa na zaidi ya miaka 1600, limekaa kwenye Injili likiwa na kazi ya heshima kabisa, kuelezea njia iliyolainishwa apite Masihi. Mimi nilipoliona hapo nilikaa nalitazama muda mrefu.

Kaskazini maana hiyo haijaenda popote. Kiaislandi wanasema sléttur kwa kitu laini au tambarare, na slétta ni uwanda. Waswidi wanaita tambarare zao za mashamba slätt, na slät ni kilaini kisicho na mikunjo. Wanorwe wanasema slette kwa uwanda. Kwa hiyo Mswidi anayesifia ngozi laini ya mtoto na Mholanzi anayelalamikia chakula kibaya wanatumia neno moja la babu mmoja. Na cha kushangaza, katika hao wote anayeishi kwenye nchi tambarare kuliko wote ni huyo Mholanzi, mlima wake mrefu kabisa Ulaya ni Vaalserberg wenye mita 322, kama neno la "tambarare" lilistahili kutunzwa mahali basi ni hapa, na hapa ndo lilipoharibikia.

Limeharibikaje sasa. Hatua ya kwanza ni ndogo na haina ubaya. Kitu laini ni kitu kisicho na nakshi, kisicho na mapambo. Ukuta slecht ni ukuta mtupu. Kutoka hapo ni rahisi kusema nguo slecht, nguo ya kawaida isiyo na madoido, na kutoka kwenye nguo unafika kwa mwenye kuivaa. Kwenye Kiholanzi cha kale slechte lieden walikuwa watu wa kawaida, wananchi, wasio mabwana wala makabaila. Bado siyo tusi. Ni sawa na sisi tunaposema "mimi mtu wa kawaida tu", wala hujajitukana.

Hatua ya pili unaiona waziwazi kwenye Biblia ya Kiholanzi ya mwaka 1637, ile iliyoagizwa na sinodi ya Dordrecht, ambayo kuna makanisa yanaisoma mpaka leo. Zaburi ya 19 panaposema ushuhuda wa Bwana "humtia mjinga hekima", Mholanzi wa mwaka huo ameandika den slechte wijsheid gevende, "akimpa aliye slecht hekima". Na Mithali 14:15, "Mjinga huamini kila neno", kwao ni de slechte gelooft alle woord. Kijana wa Kiholanzi wa leo akisoma hapo anaelewa "mtu mbaya anaamini kila neno" na anashangaa watu wabaya wamekuwaje wepesi wa kuamini namna hiyo. Kumbe anayeongelewa ni mtu asiye na makuu, asiye na hila, ambaye akili yake haina kona. Njia isiyo na kona ilikuwa sifa, akili isiyo na kona ikaanza kuwa upungufu.

Kwa Wajerumani kuna mfano mkali zaidi. Luther alipotafsiri mwanzo wa kitabu cha Ayubu, pale kwetu panaposema mtu huyo alikuwa "mkamilifu na mwelekevu", yeye aliandika kuwa Ayubu alikuwa schlecht und recht. Schlecht ndo slecht ya Kijerumani na leo hii maana yake ni "mbaya" tu. Yaani Ayubu, mtu ambaye Mungu mwenyewe alimtolea ushahidi, anaelezwa kwa neno ambalo leo utalisema kwa mtoto aliyefeli. Na ile pea yenyewe, schlecht na recht, laini na nyoofu, ilikuwa msemo wa watu wote wa ukoo huo, Wanorwe mpaka leo wanasema rett og slett na Waswidi rätt och slätt kwa maana ya "kwa maneno mepesi, bila kuzunguka", Waholanzi nao walikuwa nao, ila Wajerumani wa leo wakisema schlecht und recht wanamaanisha "hivyo hivyo, kwa kubahatisha, bora liende". Maneno yaleyale, Ayubu kaondoka kabaki fundi mlipuaji.

Hatua ya tatu ndo kuanguka kabisa. Kitu cha kawaida kikawa kitu cha hadhi ya chini, cha hadhi ya chini kikawa hafifu, na hafifu kikawa kibaya. Hapa sitaki tupite haraka, kwa sababu kinachosukuma siyo sauti wala sarufi, kinachosukuma ni macho ya wenye nacho wanavyomtazama asiye nacho. Neno linalomtaja mtu wa kawaida likikaa muda mrefu kwenye mdomo wa anayejiona wa juu linaanza kunuka dharau, na baadaye wote wanalitumia na hiyo harufu, hata wale wa chini wenyewe. Kiholanzi kimefanya hivyo mara mbili kabisa. Gemeen lilikuwa na maana ya "ya wote, ya pamoja", ndo maana halmashauri kwao ni gemeente na jumuiya ni gemeenschap, lakini gemeen lenyewe likisimama peke yake leo ni mtu mwenye roho mbaya. Mwingereza naye mean yake imepita njia hiyohiyo, ni ndugu wa hilo gemeen. Plain ya Kiingereza imetoka kwenye neno la Kilatini la "tambarare", ikawa "isiyo na mapambo", na leo ukimwita dada wa watu plain umemwambia hana uzuri.

Na sisi tusidhani tuko nje ya hii. Rahisi imetoka kwenye Kiarabu kwa maana ya kitu cha bei ndogo, ikawa pia kisicho kigumu, mtihani rahisi, safi kabisa, lakini mwite binti wa mtu "rahisi" uone kitakachokupata. Mjinga je? Pwani karne ya 19, zama za utumwa, mjinga alikuwa mgeni, hasa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua bado lugha ya mji wala desturi zake, tofauti na mzalia ambaye kazaliwa palepale. Mtu hajakosa akili, kakosa kuzaliwa mjini tu, tena kaletwa kwa nguvu. Leo neno limebaki na dharau peke yake na hamna anayekumbuka lile jambo lililoanzisha. Kwa hiyo Zaburi 19:7 wafasiri wetu walipoweka "mjinga" na Waholanzi wakaweka slechte, pande zote mbili wameokota neno ambalo nyuma yake kuna mtu wa chini anayetazamwa na mtu wa juu. Sijui kama kuna mstari mwingine unaogusana hivo kwenye lugha hizi mbili, ila huu mmoja unanitosha.

Sasa kama slecht limehamia kwenye ubaya, aliyekuwa anakaa hapo kaenda wapi? Kiholanzi kilikuwa na kwaad, lipo bado lakini kazi yake kubwa leo ni "mwenye hasira", ik ben kwaad, nimekasirika, na uovu ule wa dhambi na shetani. Kilikuwa na euvel pia, ndugu wa evil ya Kiingereza, leo linakaa kwenye misemo michache ya vitabuni. Na ile nafasi ya "laini" iliyoachwa wazi wakaigawana kina glad, effen na vlak. Wajerumani walifanya ujanja mwingine, karne ya 17 walipoona schlecht limeshaharibika wakachukua umbo la pili la neno hilohilo, schlicht, wakalipa ile maana safi ya zamani, "la kawaida, lisilo na makuu". Kwa hiyo Kijerumani cha leo kina mapacha wawili, schlecht aliyeharibika na schlicht aliyebaki na heshima zake, na ukiwaangalia unaona neno moja limekatwa katikati kama embe.

Kuna jirani mmoja lazima nimtaje hapa japo siyo ndugu wa damu. Kiholanzi wana slim, maana yake "mwenye akili, mwerevu". Ukirudi nyuma, slim lilikuwa na maana ya kilichopinda, kilichokaa upande. Wajerumani wamebaki upande wa ubaya, schlimm kwao ni mbaya kweli, Waingereza walilichukua kwa Waholanzi karne ya 17 na leo kwao ni mtu mwembamba, lakini Waholanzi wenyewe wakaona kupinda ni kujua kona, kujua kona ni ujanja, na ujanja ni akili. Weka sasa pamoja. Aliyenyooka na laini, slecht, kawa mbaya. Aliyepinda, slim, kawa mwerevu. Ule mstari wa Luka ulisema palipopotoka patanyooshwa na palipoparuza patalainishwa, na lugha ya mtaani ikaenda kinyume nao neno kwa neno. Mtoto wa Kiholanzi anapopewa ripoti ya shule yenye slim na asiyependa kuona slecht humo, anabeba huo mgeuko wote bila kujua.

Wapo pia wanaofanana na slecht sura lakini siyo wa ukoo. Slacht, kuchinja, ni wa upande wa slaan, kupiga. Na sleight ya Kiingereza, ule wepesi wa mkono wa mfanya mazingaombwe, ni ndugu wa sly, mwenye hila, ingawa watu wengi wanaiandika kama slight.

Slight yenyewe ndo binamu wa Kiingereza wa kweli. Ilianza pia na maana ya laini, ikaja kuwa nyembamba, ikawa ndogo isiyo na uzito, ndo maana leo wanasema slight kwa kitu kidogo, na kumfanyia mtu slight ni kumdharau, kumchukulia kama si kitu. Mwingereza hakufika kwenye ubaya, kaishia kwenye udogo. Ila kuna wakati alikuwa na slight nyingine ya kuvunja majengo. Kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe karne ya 17, Bunge likishateka ngome ya wafuasi wa mfalme lilikuwa linaagiza iwe slighted, ibomolewe isifae tena kwa vita, kama ilivyofanyiwa ngome ya Corfe mwaka 1646, magofu yake yamesimama mpaka leo yakiwa yameinama. Hiyo ni slechten ya Kiholanzi, kitenzi cha "kufanya slecht", na ukikitafsiri kwa maana ya leo utapata "kufanya baya" wakati maana yake halisi ni kusawazisha na ardhi.

Hiki kitenzi mimi nakiona kila wiki kwa macho. Mwaka 1874 Uholanzi ilipitisha sheria ya ngome, ambayo iliiruhusu miji mingi iliyokuwa imebanwa ndani ya kuta za zamani kuzibomoa, Nijmegen ukiwemo. Watu walikuwa wamejazana ndani ya ukuta, hewa hamna, nyumba juu ya nyumba, na ruhusa ilipokuja wakazi walifurahi mno. Kazi hiyo Waholanzi wanaiita het slechten van de vestingwerken. Kipande kidogo kiliachwa kwenye bustani ya Kronenburgerpark, kuna bwawa, kuna mnara wa mviringo unaoitwa Kruittoren uliobaki na kipande cha ukuta wake, na mimi napita hapo nikitoka stesheni. Ukisimama chini ya ule ukuta ukautazama, alafu ukageuka ukatazama barabara pana inayoendelea pale ambapo sehemu nyingine ya ukuta ilikuwa inapita, umeliona neno slecht kwa maana yake ya kwanza kabisa, hakuna cha kukukwaza. Hata leo mwanasiasa wa Kiholanzi akisema barrières slechten anasema kuondoa vikwazo, ni jambo la kusifiwa, na hakuna anayesikia ubaya ndani yake.

Kuna na beslechten, kuamua ugomvi, kumaliza kesi. Wajerumani wana schlichten, na kwao Schlichter ni msuluhishi anayeitwa wafanyakazi na mwajiri wakishindwana kwenye mishahara. Picha ni ileile, ugomvi ni kitu chenye matuta na mtu anakuja anakilainisha. Na hapa ndipo Kiswahili chetu kinapoingia kwa mlango wa mbele, mana tuna neno lililoanzia palepale. Sawa tumeipata kwa Kiarabu, kwenye mzizi wa kulingana na kuwa tambarare. Tunasawazisha kiwanja kabla ya kujenga, tunasema usawa wa bahari, tunafunga bao la kusawazisha dakika ya 89 na mtaa mzima unalipuka, tunasawazisha mambo ya ndoa. Ni slechten na beslechten hizohizo. Lakini sawa ikapanda. Sawa imekuwa "nimekubali", imekuwa "nzuri", imekuwa "niko mzima". Ukimuuliza Mholanzi hali akakwambia slecht umpe pole, ukimuuliza Mswahili akakwambia niko sawa mnaendelea na safari, na kama mngewafufua mababu wa haya maneno mawili wakasimama kwenye kiwanja kimoja kilichosawazishwa, wote wawili wangekinyooshea kidole kimoja.

Turudi kwenye zile buti. Slechts ni slecht iliyoongezwa s ya kielezi, na ilitengenezwa wakati slecht bado ni "bila nyongeza, bila madoido". Euro 7 bila nyongeza. Euro 7 tupu. Euro 7 tu. Neno lilitoka nyumbani kabla baba yake hajaharibikiwa, kwa hiyo lenyewe limebaki safi. Leo ni neno la maandishi zaidi, la vibandiko vya bei na magazeti, mdomoni watu wanasema maar au alleen, ila liko hai.

Ila kuna mahali hata hilo safi lilichafuliwa, na ni kwenye bara letu. Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki ilifungua kituo chake Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, na Kiholanzi kilichoongelewa kule, kikipita kwenye midomo ya walowezi, watumwa na Wakhoi, kikawa Kiafrikaans. Slecht kule ni sleg, baya vilevile, tena wana kitenzi slegsê, kumwambia mtu ubaya, yaani kumtukana. Na slechts ikawa slegs. Ilipokuja sheria ya mwaka 1953 ya kutenganisha huduma za umma kwa rangi, hilo neno dogo la "tu" likapandishwa kwenye mabango. Slegs Blankes. Weupe tu. Kwenye mabenchi ya bustani, kwenye fukwe, kwenye milango ya vyoo, na kando yake Kiingereza kikisema hivyohivyo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1990, yaani wapo watu wazima wa rika langu waliokua wakiyasoma hayo mabango kila siku. Tazama picha moja ya hizo benchi. Ubao ule umepigwa randa, umelainika, ni slecht kwa maana ya kwanza kabisa ya neno, na juu yake limeandikwa neno la kumruhusu mtu mmoja aukalie na kumzuia mwingine. Neno lilianza kwenye kubomoa kuta likaishia kuwa ukuta. Hilo dada wa kaunta hakulijua na mimi sikumwambia, ila siku hizi nikiona slechts dukani huwa naziona na zile benchi.

Kuna mmoja wa ukoo huu nimemwacha makusudi, na yeye hana kosa lolote. Kozi yule mkubwa mwenye kichwa cheusi anayewinda ndege wenzake angani, Waholanzi wanamwita slechtvalk. Ukisoma kwa Kiholanzi cha leo ni "kozi mbaya", na watoto wanauliza amefanya nini. Hajafanya kitu. Jina lilitolewa wakati slecht ni "wa kawaida", kozi wa kawaida, huyu ambaye watu wanamjua. Wafaransa walimwita wa hija, faucon pèlerin. Brussels kila kitu kinaandikwa kwa lugha zote mbili, na kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Gudula ndege hawa wamekuwa wakitaga tangu 2004, baada ya miaka mingi ambayo sumu za mashambani kama DDT zilikuwa zimewamaliza karibu wote upande huu wa Ulaya. Majira ya kuchipua watu wanakusanyika pale chini na kutazama juu. Nilienda mwaka juzi na mwenetu mmoja kutoka Bukavu anayeishi Ubelgiji siku nyingi, tukasimama kwenye baridi karibu saa nzima shingo zinauma, mara mmoja akajirusha kutoka mnarani, akakunja mabawa, akashuka. Wakishuka hivyo wanapita kilomita 300 kwa saa, hakuna mnyama mwingine duniani anayefika hapo. Njiwa wa uwanjani wakatawanyika wote kwa pamoja. Mtoto mmoja nyuma yetu akapiga kelele kwa Kiholanzi, slechtvalk! slechtvalk!, na kwa namna alivyolitamka, hakukuwa na ubaya wowote ndani yake.